Kisanduku cha Lon Chaney

Mdogo wangu unayeanza kuigiza, siku yako ya kwanza kwenye seti hutaigiza. Utasubiri. Mimi nilisubiri tangu saa 11 alfajiri hadi saa 9 mchana. Alipokuja msaidizi wa mwongozaji kuuliza nani anaweza kuwa babu, nikanyoosha mkono haraka, sina hata kitana. Nikajimwagia poda ya mtoto kichwani ili nipate mvi. Kamera inazunguka, "mwanangu" kanikumbatia, wingu jeupe hilo likapanda juu. Seti nzima ilicheka, isipokuwa mpiga picha aliyekuwa anafuta lenzi.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nimfuatilie Lon Chaney, Mmarekani wa enzi za filamu zisizo na sauti. Alizaliwa 1883 mjini Colorado Springs, baba na mama wote viziwi, kwa hiyo kuzungumza kwa uso na mikono kwake ilikuwa lugha ya nyumbani. Alihangaika miaka mingi na vikundi vya maonyesho ya jukwaani, kisha akaingia studio za Universal, California, akipewa vijisehemu vidogo vidogo. Siku hizo mwigizaji alijipaka mekapu mwenyewe, naye Chaney hakutembea bila kisanduku chake. Wakitaka mzee, anageuka mzee. Wakitaka jambazi, huyo hapo.

Usidhani kilimtajirisha upesi. Mwaka 1918 aliomba nyongeza ya mshahara, akanyimwa, akaondoka na kuanza kuzunguka akitafuta kazi. Kilichomtoa ni The Miracle Man ya 1919. Filamu hiyo imepotea karibu yote, lakini kuna kipande kimesalia. Kitafute, ukitazame hata mara 10. Chaney ni tapeli anayejifanya kiwete. Anajiburuta kuelekea kwa mponyaji, viungo vimejikunja, halafu mwili unakunjuka taratibu, kiungo baada ya kiungo, mpaka anasimama. Hapo utaona kosa langu lilikuwa wapi. Kichwa changu kilikuwa cha babu, lakini mgongo ulibaki wa kijana wa miaka 22.

Watu wengi wanamkumbuka kwa sura za kutisha: Quasimodo, yule mpiga kengele mwenye kibyongo wa The Hunchback of Notre Dame, mwaka 1923, na lile fuvu la The Phantom of the Opera, 1925. Sawa, zisome. Ila kuna jambo moja usimwige. Katika The Penalty ya 1920 aliigiza mtu aliyekatwa miguu, akafungwa miguu yake kwa nyuma na kutembelea magoti; maumivu hayakumruhusu kukaa hivyo kwa muda mrefu. Ukianza kuhisi ganzi, sema ufunguliwe. Mwongozaji akinuna, atanunua.

Sauti ilipoingia kwenye filamu alicheza moja tu ya kuongea, The Unholy Three, 1930, na humo akabadilisha sauti kama alivyozoea kubadilisha sura. Saratani ikamuua Agosti mwaka huohuo, ana miaka 47. Alikuwa ameshaandika makala ya mekapu katika ensaiklopidia ya Britannica, mtu aliyeanza kwa vijisehemu!

Kisanduku chake kilihifadhiwa kwenye makumbusho huko Los Angeles. Changu ni kopo la biskuti: wanja, sponji mbili, gundi ya ndevu, kioo kilichopasuka pembeni. Na poda ya mtoto, ya kukaushia jasho tu.