Naambiwa ni mninga: nitahakikishaje?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi seremala. Nimeletewa mbao za kahawia zenye wekundu na muuzaji anaapa kuwa ni mninga. Nimezitazama kwa lenzi, naona vitundu tu. Je, mti unaweza kutambuliwa kwa mbao peke yake, bila jani wala gome?

JIBU: Unaweza, ndugu fundi. Ila nikutahadharishe mapema: muundo wa mbao mara nyingi hutufikisha kwenye jenasi, yaani kundi la miti iliyo ndugu wa karibu, na hapo husimama. Atakayekutajia spishi, yaani aina moja mahususi ndani ya kundi hilo, kwa uhakika baada ya kuchungulia mara moja, usimwamini haraka.

Rangi iweke kando kwanza. Jua huibadilisha, hewa huibadilisha, na dawa ya kupaka huigeuza kabisa. Hata mti mmoja hutoa mbao za rangi mbalimbali.

Kuhusu hivyo vitundu, nahisi ulitazama sehemu iliyopita msumeno. Msumeno hurarua nyuzi na kuziba kila kitu kwa vumbi. Nimeona watu wakinunua lenzi kubwa zaidi na zaidi, kumbe tatizo ni makali. Chukua wembe mpya, nenda kwenye kichwa cha ubao, yaani ncha iliyokatwa kukingama nyuzi, ukwangue sehemu ndogo kama ukucha kwa mkato mmoja wa kuvuta. Ilowanishe kidogo. Lenzi ya kukuza mara 10 yatosha: ishike karibu kabisa na jicho, kisha usogeze ubao mpaka uonekane vizuri, mwanga ukitokea ubavuni.

Sasa vitundu vitakuwa na majirani. Vyenyewe ni mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Mistari myembamba inayotoka kwenye kiini kuelekea gome huitwa miale. Halafu kuna tishu ya rangi hafifu, parenkima, ambayo ningekuomba uikazie macho kuliko vyote, maana kwenye miti ya tropiki ndiyo yenye maneno mengi. Katika mkongo huzunguka kitundu na kuchongoka pande mbili, kama jicho au almasi. Katika mvule mabawa yake hurefuka, yakagusana na ya kitundu cha pili. Katika mninga utaona mabawa yanayoungana pamoja na mikanda myembamba yenye mawimbi, na mara nyingi vitundu vya mwanzo wa msimu ni vikubwa kuliko vya mwishoni. Msaji ndio unaoonyesha pete ya vitundu vikubwa waziwazi, jambo lisilo la kawaida kwa miti ya joto.

Baada ya hapo geuza ubao utazame uso wake mpana, ule uliopasuliwa sambamba na gome. Miale ya mninga imepangwa safu juu ya safu kama matofali, hivyo huonekana viwimbi vidogo sana vya mlalo. Mpingo nao unavyo. Alama hiyohiyo hutusaidia kwenye mahogani: ile ya Marekani, Swietenia, kwa kawaida ina viwimbi, wakati Khaya ya Afrika kwa kawaida haina.

Mwisho, loweka maranda machache kwenye glasi ya maji safi, uyamulike gizani kwa tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Maji ya mninga hung'aa kibuluu. Mbao nyingine pia hung'aa, kwa hiyo usiegemee dalili hii pekee. Lakini maji yasipong'aa na viwimbi visipoonekana, mimi nisingelipa bei ya mninga.

Zikikubali dalili zote, umejua kuwa ni Pterocarpus, ndiyo jenasi ya mninga. Inaweza kuwa mninga, inaweza kuwa mkurungu ambaye ni ndugu yake, na hata hadubini hupata shida kuwatenganisha. Maabara hukata vipande vyembamba vya takribani sehemu 20 za elfu za milimita, vikalinganishwa na sampuli zilizothibitishwa kwa kufuata orodha ya sifa 163 iliyotolewa mwaka 1989 na chama cha kimataifa cha wanaanatomia wa mbao, IAWA. Kufika kwenye spishi huhitaji kemia ya mbao au vinasaba. Kwa biashara ya kuvuka mipaka, hata hivyo, jenasi tayari ina uzito: tangu mwaka 2023 Pterocarpus zote za Afrika zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na magogo au mbao zake huhitaji kibali.

Ukiamua kupeleka sampuli, kipande cha ukubwa wa kiberiti kinatosha. Kitoke kwenye shina, si tawi, mbali na kiini cha katikati, kiwe na sehemu ya mbao iliyokomaa, na kisiwe kimepakwa vanishi.