Kabla Hujakisugua Kisu cha Zamani

Kisu cha kwanza cha kukunja kilichoniangukia kikiwa na thamani nilikiharibu mwenyewe, kwa msasa. Kilikuwa ndani ya sanduku la vifaa vikuukuu nililolinunua kwa mkupuo. Bapa lilikuwa limegeuka kijivu, nami nikaona aibu kumwonyesha mtu kitu cha namna ile. Nikasugua jioni nzima mpaka kikametameta. Mzee mmoja anayekusanya visu alipokitazama kwa lenzi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nukta umezipeleka wapi, mwanangu?"

Nukta hizo ndizo zilizotaja umri wake. Kilikuwa kisu cha Case, kampuni ya Marekani ambayo mwaka 1970 ilianza kupiga nukta kumi kwenye chapa yake, kisha kila mwaka ikaondoa moja, hata kufikia 1979 ikabaki moja tu. Kwenye changu zilionekana mbili dhahiri na kitu kama kivuli cha nyingine. Ni cha mwaka gani? Hakuna wa kuapa.

Basi ukikipata kisu, usianze na mpini, hata kama ndio unaokuvutia. Kifungue utazame kwenye shina la bapa, pale pasiponolewa, karibu na pini inayolishikilia. Chapa hupigwa hapo, na mara nyingi pande zote mbili. Tumia lenzi, na taa uilaze pembeni badala ya kuimulika kutoka juu. Maandishi yaliyolika hujitokeza kwa kivuli chake. Jina la nchi nalo ni ushahidi: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni zitajwe zilikotoka, kwa hiyo kisu kilichouzwa huko kikiwa na neno GERMANY au ENGLAND kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Ukiona STAINLESS, jua ni cha baada ya 1913, mwaka ambao Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma chake kisichoshika kutu. Sumaku iache. Nilitembea nayo mfukoni miezi kadhaa nikijiona fundi, kumbe mabapa mengi yasiyoshika kutu nayo hunaswa.

Jina lenyewe lisikulevye. Laguiole, kwa mfano, ni kijiji cha Ufaransa na ni aina ya kisu; karakana nyingi zimelitumia jina hilo, hata za mbali na kijiji. Hata umbo la nyuki linalopambwa kwenye springi ya visu hivyo, yaani mgongo wa chuma unaobana bapa, halithibitishi kitu.

Namba zilizopigwa kwenye shina la bapa zinasaidia zaidi. Kwenye Case, 6254 husomwa hivi: 6 ni mpini wa mfupa uliotiwa makovu au kitu kilichouiga, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni umbo. Tarakimu 3 mwanzoni ni mpini wa njano wa plastiki. Ukikuta 6 kwenye chuma na plastiki ya njano mkononi, huenda mtu ameshabadilisha mpini.

Sasa mpini wenyewe. Mfupa una vitundu na mistari midogo myeusi, mabaki ya mishipa. Gamba la chaza ni baridi mkononi, na rangi zake huhama ukiligeuza. Pembe ya ndovu, kwenye sehemu iliyokatwa kwa upana, huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Ile ya kuigiza huwa na mistari iliyonyooka sambamba, safi kupita kiasi. Na kama ni ndovu kweli, ulizia sheria kabla hujatangaza bei, maana nchi nyingi zimebana au kupiga marufuku biashara hiyo.

Watakuambia uchome mpini kwa sindano ya moto unuse. Usithubutu. Mipini mingi ya zamani ni seluloidi, plastiki ya kale, nayo hushika moto upesi mno. Isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto: ikitoa harufu ya karafuumaiti, umeshapata jibu. Kisha itenge. Seluloidi inayooza hutoa mvuke unaokula chuma. Mimi nilifungia kimoja cha namna hiyo kwenye kopo pamoja na vingine vitatu, na vyote vikaota kutu.

Kuhusu bei, sina mengi. Angalia kama bapa bado lina upana wake au limenolewa likawa jembamba kama sindano, kama springi inafunga kwa mlio, kama bapa linacheza kushoto na kulia. Boksi la asili huongeza. Linganisha na bei ambazo visu kama hicho vimeuzwa kweli, si zile wauzaji wanazotamani. Tangazo likipiga kelele "adimu sana" mara tatu, mimi hupita: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Uchafu ufute kwa kitambaa laini na tone la mafuta, basi. Kile changu cha nukta mbili na kivuli hakikupata mnunuzi. Nakitumia kukatia kamba.