Injinia unayeomba uzamivu wa uchumi, anza na barua

Kama una digrii ya umeme, mitambo au ujenzi na unataka kuomba uzamivu wa uchumi au fedha Marekani, acha kuiombea radhi digrii yako. Robert Merton alisoma hisabati ya uhandisi Columbia kabla hajaenda MIT kusomea uchumi, na mwaka 1997 akapata Nobeli. Kamati ya chuo inayochagua waombaji haina shaka kwamba unajua hesabu. Inachojiuliza ni kama unajua utafiti wa uchumi unavyofanyika, au umechoka tu na saiti.

Jibu lake wanalitafuta kwenye barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida huwa tatu. Mwalimu aliyekusimamia mradi wa mwaka wa mwisho atakuandikia kwa moyo mweupe: kijana mwenye nidhamu, mchapakazi, yumo kwenye watatu bora wa darasa. Ukiomba kazi, barua hiyo inatosha kabisa. Kamati ya uchumi itaisoma na kuipita. Wao wanataka mtu anayefanya utafiti wa uchumi aseme alikuona ukisafisha data iliyovurugika, na kwamba matokeo yalipokataa kwenda ulivyotarajia hukuyalazimisha. Mtu hawezi kuandika hayo kama hujamfanyia kazi. Kwa hiyo tafuta nafasi ya msaidizi wa utafiti, mwaka mmoja au miwili. Zipo vyuoni Marekani, na zipo Nairobi kwa watafiti wanaofanya majaribio ya sera. Hapo ujuzi wako wa kuandika programu utakubeba kuliko cheti.

Hisabati yako ni nyingi, ila ni ya kukokotoa. Mwaka wa kwanza wa uzamivu ni wa kuthibitisha. Injinia akiulizwa kama fankisheni ina mwendelezo, anaichora akaangalia mstari umekatika wapi. Kule utatakiwa uonyeshe kwamba kwa kila epsiloni (tofauti inayoruhusiwa kwenye matokeo), hata iwe ndogo vipi, ipo delta (tofauti kwenye kinachoingizwa) inayoitosheleza. Nenda idara ya hisabati ukasome somo la uthibitisho wa aina hiyo (real analysis), upate A. Mtihani wa GRE, unaotumika kuomba masomo ya juu Marekani, kwa vyuo vinavyoutaka, lenga karibu na 170 upande wa hesabu, kisha usijisifie, maana waombaji wenzako nao wanayo.

Maelezo binafsi yanayoanza na "tangu utotoni nimependa masoko ya fedha" yafute. Andika swali. Chukua transfoma ya kijijini, ambayo nyumba za jirani yake bado zinawasha kibatari. Injinia anawaza waya. Mchumi anauliza mwenye nyumba yuko tayari kulipa kiasi gani. Wachumi Lee, Miguel na Wolfram walilipima hilo magharibi mwa Kenya, mahali ambapo kuunganishiwa umeme kuligharimu shilingi 35,000 za Kenya: wakagawa punguzo tofauti tofauti kwa bahati nasibu, na hata palipokuwa na punguzo kubwa, kaya nyingi hazikujiunga. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020. Wewe uliyefanya kazi na umeme, maji au barabara una maswali ya aina hiyo ambayo mhitimu wa uchumi hajawahi kuyakanyaga. Yatumie.

Kuhusu uzamivu wa fedha: programu zake nyingi ziko kwenye shule za biashara na huchukua wanafunzi wachache mno, mara nyingi hawafiki kumi kwa mwaka. Omba zote mbili, fedha na uchumi. Na kama shida yako ni kutaka kazi ya kukokotoa bei za hati za mitaji benki, uzamili unatosha. Miaka mitano au sita ya uzamivu ni mingi kwa kazi hiyo.

Vyuo vizuri hulipa ada na kukupa posho. Ukikubaliwa bila ufadhili, ushauri wangu ni usiende. Ada ya maombi inaumiza mfuko pia, kwa hiyo waandikie vyuo uombe usamehewe ada hiyo, vingi huwa na utaratibu huo. Ukitaka kubaki huku Afrika, AERC, mtandao wa utafiti wa uchumi wenye makao Nairobi, una mpango wa uzamivu wa pamoja, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmojawapo wa vyuo vyake.

Waombe barua zako Septemba, maana maombi mengi hufungwa Desemba. Majibu huanza kutoka Februari, na ofa yenye ufadhili kwa kawaida unaweza kuishikilia hadi tarehe 15 Aprili. Asikukimbize mtu kabla ya hapo.