Konokono wa Mikorosho na Kambare wa Bwawa Kavu

SWALI: Tangu Juni naona konokono wakubwa wamenata kwenye mashina ya mikorosho, mdomo wa gamba umezibwa na kitu cheupe kama karatasi. Wamekufa? Masika walinimalizia miche ya mipapai.
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Wako hai, wamelala usingizi wa kiangazi. Huu ndio wakati wako wa kuwakusanya.

Hewa ikianza kukauka, konokono hujivuta ndani ya gamba na kutoa ute wenye chokaa. Ute huo ukikauka ndio hicho kifuniko cheupe. Ndani yake mapigo ya moyo hupungua, hali chochote, na maji ya mwili humtoka taratibu mno. Hupanda shinani kwa kuwa mchanga uliopigwa na jua huwa na joto kuliko hewa ya juu yake. Wengine hujizika chini ya majani makavu. Hukaa hivyo miezi mingi, kwa hiyo usitegemee kiangazi kikumalizie kazi.

Ukitaka hakika, mpime mkononi: aliye hai ni mzito, aliyekufa ni mwepesi au ananuka. Au mweke kivulini kwenye sahani yenye maji kidogo, naye kwa kawaida atatoka ndani ya saa chache.

Wakusanye kabla ya mvua za Desemba. Angalia upande wa shina wenye kivuli, chini ya magogo, kwenye kuta na marundo ya majani. Vaa glavu, maana konokono hawa huweza kubeba minyoo inayotoka kwa panya, na minyoo hiyo ikimwingia mtu huathiri ubongo. Watie kwenye maji yanayochemka, kisha wafukie. Wengi humwaga chumvi shambani, nasi hatukubaliani nao hata kidogo: chumvi hubaki kwenye udongo na kuumiza mimea.

Usiache hata mmoja kwa kudhani hana mwenzake. Kila konokono ana jinsia zote mbili, na mbegu alizopokea msimu uliopita huzitunza mwilini wakati wote wa usingizi. Mvua ikinyesha anaamka, anakula, kisha anataga mayai kwa mamia ardhini.

Kama una bustani ya mchicha unayoimwagilia kiangazi, mwagilia asubuhi. Udongo ukilala umelowa, konokono wa jirani huamka na kuja kula usiku.

SWALI: Bwawa letu hukauka kabisa Septemba. Kambare waliojichimbia kwenye tope tuwaache waamke mvua ikirudi, au tuwavue?
Msomaji, Lindi Vijijini

JIBU: Wavueni. Kambare wa kawaida, mwenye ndevu ndefu mdomoni, hupumua hewa na huvumilia tope bichi, lakini hana namna ya kuzuia ngozi isikauke. Tope likipasuka nyufa, anakufa.

Anayeweza ni kambare mamba. Huyu hana ndevu. Mapezi yake ya pembeni ni membamba kama kamba. Huchimba shimo, hujikunja mkia ukifika kichwani, kisha hujifunika ute unaokauka kuwa mfuko, wenye tundu moja mbele ya mdomo. Hupumua kwa mapafu na huishi kwa kuila misuli yake mwenyewe. Amonia, ambayo samaki wengine huitoa majini, yeye huigeuza kuwa urea ili isimuue. Mkimfukua katikati ya kiangazi na kuutoboa mfuko, mnampotezea unyevu asioweza kuurudisha.

Mkiona bwawa limejaa na wiki chache baadaye mna vijisamaki vya rangi kali, nyekundu na buluu, hawakudondoka na mvua. Ni watoto wa waliokufa bwawa lilipokauka. Mayai yalibaki kwenye udongo, ukuaji wake umesimama, yakingoja maji. Hukua, hutaga na kufa ndani ya miezi michache. Mkilichimba bwawa liwe na maji mwaka mzima mtapata nafasi ya kufuga samaki wakubwa, ila hawa wadogo watatoweka: mayai yao yanahitaji kipindi cha ukavu, na wao wenyewe wataliwa. Kama mna mabwawa mawili, chimbeni moja tu.