Jeni za sumu ya buibui: zitafutwe wapi, na kwa nini bakteria hushindwa kutoa sumu inayofanya kazi

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma bayoteknolojia mwaka wa tatu. Natafuta jeni za sumu ya buibui zitakazosaidia kuua wadudu waharibifu. Je, naweza kutoa DNA kwenye mguu wa buibui mmoja badala ya kukamua sumu ya wengi? Na jeni hiyo nikiiweka kwenye bakteria E. coli, nitapata sumu inayofanya kazi?

JIBU: Marahaba. DNA ya mguuni inazo jeni zote, lakini zimetawanyika kati ya mabilioni ya herufi. Tumia RNA (nakala za jeni zinazotumika) ya tezi za sumu, maana huko ujumbe wa kutengeneza sumu umejaa tele. Mkamue buibui kwanza, subiri kama siku tatu tezi zikiwa kazini kujijaza upya, ndipo uzitoe na kuzigandisha papo hapo, kwa kuwa RNA huharibika upesi. Sumu uliyokamua usiitupe: kwa kupima uzito wa molekuli zake utajua kama peptidi (protini fupi) uliyoikisia kutoka kwenye jeni imo kweli.

Swali lako la pili ndilo gumu. Chukua Hv1a, sumu ya buibui wa Australia Hadronyche versuta. Ina asidi amino (vijenzi vya protini) zisizofika 40, sita kati yake zikiwa sisteini, asidi amino zenye salfa zinazofungana mbilimbili. Sisteini sita zaweza kufungana kwa namna 15, na inayotakiwa ni moja tu. Ndani ya E. coli mazingira ya kikemia huzuia vifungo hivyo, kwa hiyo utavuna peptidi nyingi isiyo na nguvu. Ielekeze kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili za bakteria, kwenye vimeng'enya vya kufunga na kurekebisha vifungo, ikiwa imeunganishwa na protini kubwa ya kuibeba, baadaye utaikata. Au tumia hamira. Kampuni ya Vestaron ya Marekani ilipita njia ya hamira, na dawa yake ya wadudu yenye asili ya sumu hiyo ikaidhinishwa huko mwaka 2014.

Kuna kikwazo ambacho hukukiuliza. Buibui hudunga sumu. Mdudu anayekula jani huimeza, na sehemu ndogo tu huvuka utumbo wake. Ndiyo maana nauthamini sana utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa 2019. Jeni ya sumu ya aina hiyo iliwekwa kwenye kuvu Metarhizium, ambaye hupenya mwenyewe ngozi ya mbu, na ikapewa swichi inayowaka ndani ya damu ya mdudu pekee. Katika kibanda kikubwa cha neti kijijini Soumousso, idadi ya mbu wasugu wa viuatilifu iliporomoka ndani ya siku 45. Hilo limefanyika Afrika, kwa mbu wetu wa malaria.

Kwa mradi wa mwaka mmoja, usianze na buibui asiyejulikana. Agiza jeni ya Hv1a iliyotengenezwa maabara, ile sehemu ya sumu iliyokomaa tu, bila kipande cha mwanzo kinachokatwa na buibui mwenyewe. Omba kibali cha usalama wa kibayolojia kabla ya kuagiza.