Maswali ya Wasomaji: Laxton, kijiji ambacho kumbukumbu yake ni konde

SWALI: Mhariri, salamu. Binti yangu anasoma Nottingham, na mwishoni mwa Novemba nitakwenda kumwona. Mimi ni mkulima na mambo ya maduka makubwa hayanivutii. Nataka kijiji cha Kiingereza chenye historia. Niende wapi, na nikifika nitazame nini?
Mama wa Kasarani

JIBU: Mama, nenda Laxton. Panda treni hadi Newark, kisha teksi. Ni kilomita kumi na kitu. Panga na dereva mapema saa ya kukurudia, kwa kuwa usafiri wa vijijini kule ni wa kubahatisha na mwezi huo giza huingia saa kumi jioni. Beba gambuti. Udongo ni mfinyanzi mzito, na ukinyeshewa hung'ang'ania kiatu.

Kabla hujaingia popote, simama barabarani utazame nyumba za wakulima. Zimepangana kando ya njia, nyingi zimeipa barabara ubavu. Kwingine Uingereza, sheria za Bunge za karne ya 18 na 19 ziliyakata makonde ya pamoja, kila mtu akapewa kipande chake na ua wake, na wakulima wengi wakahamia katikati ya ardhi yao. Laxton haikukatwa yote. Mkulima bado ana vipande huku na kule, kwa hiyo pa kuishi panapofaa ni kijijini, katikati ya vyote.

Makonde yenyewe ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Hakuna ua ndani yake. Moja hupandwa ngano kabla ya baridi kali, la pili hupandwa zao la majira ya kuchipua, la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata yanabadilishana zamu. Zamani konde la mapumziko liliachwa tupu ili magugu yafe na udongo upate nguvu. Siku hizi huoteshwa malisho. Vipande vilitawanywa ili mmoja asichukue ardhi nzuri yote na mwenziwe akabaki na bonde la maji. Sehemu za chini zenye unyevu, ziitwazo sykes, hazilimwi kamwe. Nyasi zake hupigwa mnada kila kiangazi.

Mpango kama huu huharibika kwa njia mbili, na mkulima yeyote wa Kenya atazitambua. Ya kwanza ni jirani anayesogeza jembe mfuo mmoja kila mwaka mpaka njia ya wote inaliwa. Ya pili ni mtaro kuziba: maji ya mmoja yanaozesha ngano ya mwingine. Ndiyo maana kuna mahakama ya kijiji, Court Leet, ambayo bado ina nguvu kisheria. Mwishoni mwa Novemba wazee wa baraza 12 hulizunguka konde lililotoka kupandwa ngano, hukagua mitaro, na hupigilia vigingi pale mpaka ulipovukwa. Wiki moja baadaye mahakama hukaa katika baa ya kijiji, Dovecote Inn, na aliyekosa hutozwa faini. Safari yako imeangukia majira hayo hayo. Ukitaka kuwafuata kondeni, omba ruhusa kwanza.

Usikose kanisa la St Michael. Ndani kuna sanamu za kaburini za ukoo wa Everingham, na mojawapo, ya mwanamke, imechongwa kwa mwaloni. Isogelee uone mishipa ya mti. Sanamu za namna hiyo karibu zote ni za mawe, kwani mti huliwa na wadudu na unyevu. Kaskazini mwa kijiji iko ngome ya Wanormani, wavamizi waliotoka Ufaransa katika karne ya 11. Usitarajie mnara, yamebaki matuta ya udongo na mahandaki, lakini kilima chake kinasimama vizuri sana.

SWALI: Nimeona picha za makonde ya Kiingereza ya kale. Kwa nini vipande ni virefu na vyembamba, tena vimepinda?
Msomaji, Ruiru

JIBU: Sababu ni maksai. Plau nzito ilivutwa na maksai hadi 8, na msafara huo kuugeuza ni kazi, kwa hiyo mkulima alilima mfuo mrefu ili ageuze mara chache. Akikaribia mwisho alianza kuwapindisha mapema, ndipo kipande kikapata umbo la S iliyogeuzwa. Plau nayo ilitupa udongo upande mmoja tu; ukikizunguka kipande miaka na miaka, katikati panainuka tuta na pembeni panakuwa mfereji wa kutoa maji.

Ekari unayonunua Ruiru imetoka huko huko: yadi 220 kwa urefu, yaani mita 201, na yadi 22 kwa upana, mita 20. Zidisha upate kama mita za mraba 4,047. Na ukiuziwa “hamsini kwa mia” kwa jina la thumuni ya ekari, piga hesabu kabla ya kulipa: ploti hiyo ni futi za mraba 5,000, ilhali thumuni kamili ni 5,445.

SWALI: Kuna ramani ya zamani ya Laxton?
Mwalimu, Embakasi

JIBU: Ipo, ya mwaka 1635, kazi ya mpima ardhi Mark Pierce. Imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Inaonyesha kila kipande, na mpimaji amechora pia watu wakilima na wakivuna.