Safu ya umri mtaijaza "mkubwa" mpaka lini?

Juzi nimeletewa fomu za sampuli za damu ya ng'ombe, zilizojazwa na vijana wetu wapya wanaotafuta homa ya Bonde la Ufa. Mwandiko mzuri, namba za hereni zimenyooka, jinsia imejazwa. Nafika safu ya umri: mkubwa, mkubwa, mkubwa, mdogo, mkubwa. Nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika, kisha nikakumbuka kuwa kosa hilo nililifanya mimi kabla yenu, na kwa hasara kubwa zaidi. Basi kaeni kitako.

La kwanza, mfungueni ng'ombe mdomo.

Ilikuwa 2011. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu na kuwatupisha mifugo mimba, ilitupiga mwanzoni mwa 2007, tangu hapo kimya, na kila mtu anajiuliza kirusi kimejificha wapi. Mimi mpya kazini, nataka jina. Nikaenda kwenye boma moja, nikavuta damu tangu asubuhi, na umri nikaandika "mkubwa" kwa sababu jua lilikuwa kali, kibanio kimelegea, na dume mmoja alikwisha nipiga teke la goti. Kule maabara ilikuwa ELISA ya ushindani, kipimo cha sahani yenye visima vidogo, ambacho kisima kisichopata rangi ndicho chenye kingamwili, yaani askari wa mwili waliokwisha kutana na kirusi. Naitazama sahani, weupe umetapakaa. Mikono ikanitetemeka. Usiku uleule nikampigia mkuu wangu: kirusi kinazunguka!

Kilichofuata bado kinaniuma. Vibali vya kusafirisha mifugo vilisimamishwa, mnada ukafungwa kwa majuma matatu, na muhula wa shule ndio unaanza, watu wanategemea kuuza beberu wapate ada. Nikatumwa nirudi kukusanya "ushahidi zaidi". Shikamoo mzee. Marahaba, daktari. (Kule ukishika sirinji tu wewe ni daktari, hata cheti chako kiwe cha mwaka mmoja.) Nikamwonyesha jike mwekundu aliyeongoza kwa kingamwili, nikauliza kama amewahi kuumwa. Mzee akaniangalia kama mtu anayemwangalia mjukuu aliyevaa viatu kinyume.

"Huyu? Si ndiye alitupa mimba mwaka ule wa mafuriko. Yeye na wenzake wale pale. Hukuniuliza."

Hukuniuliza! Nikamshika jike pua, nikainua mdomo wa juu kwanza (ndiyo, pale ambapo ng'ombe hana meno ya mbele, mzee akajifanya hajaona), halafu nikashusha wa chini. Jozi zote nne za kudumu, tena zimelika. Wenzake hivyo hivyo. Nilikuwa nimepima makovu ya 2007 nikayatangaza kuwa jeraha bichi, maana IgG, aina ya kingamwili inayobaki baada ya ugonjwa, hukaa mwilini miaka na miaka. Mnada ulifunguliwa, lakini nilichukua muda mrefu kabla ya kupita tena sokoni pale bila kofia.

Kwa hiyo: ng'ombe hubadili jozi ya kwanza akikaribia miaka miwili, na kufikia minne au zaidi kidogo kinywa kimejaa. Mnayemtafuta ni mnyama aliyezaliwa baada ya mlipuko, aliyekwisha pita miezi sita ili msidanganywe na kingamwili za maziwa ya mama, na asiye na chanjo. Huyo akiwa na kingamwili, nipigieni hata saa nane usiku.

Na kinachonikera zaidi ni hiki: wenzetu waliofanya kazi kwa uangalifu, Kenya na hapa Tanzania, wamezikuta kingamwili hizo kwa mifugo iliyozaliwa baada ya mlipuko. Kirusi kweli huzunguka kidogo kidogo bila kelele, mimba moja hapa, nyingine kule, na lawama anapewa brusela, bakteria ambaye naye hutupisha mimba. Yaani nilichokitangaza huenda kilikuwa kweli, ila ushahidi wangu haukuwa wake. Nilipiga ramli ikaangukia karibu na ukweli.

La pili, IgM, kingamwili inayotangulia kutokea, ndiyo inayosema "hivi karibuni", na chanjo ya Smithburn huacha kingamwili zilezile za ugonjwa, kwa hiyo ulizeni chanjo kabla ya kutoa sindano mfukoni.

La tatu, msiniletee ripoti ya kiangazi inayosema "vekta hakuna", yaani mbu waenezaji hawapo. Mmetega mitego ya taa kwenye dambo, bonde linalojaa maji ya mvua, iliyopasuka kwa ukame, mlitegemea nini? Mbu wa Aedes hatagi juu ya maji, hutaga kwenye udongo wenye unyevu pembezoni mwa dimbwi, na mayai hukauka yakasubiri mafuriko, hata miaka. Mnachokitafuta mnakikanyaga, kimo kwenye udongo huo. Kenya, katika utafiti uliochapishwa 1985, walikusanya viluwiluwi kwenye dambo iliyofurika, wakawalea mpaka wakawa mbu, wakakipata kirusi, hata kwa madume. Dume hanyonyi damu. Alikipata wapi kama si kwa mama yake, ndani ya yai? Mimi hilo hunifurahisha kila nikilifikiria. Lakini msigeuze yai kuwa jibu la kila kitu: Misri 1977 mlipuko uliendeshwa na Culex, mbu wa jamii nyingine, na hata kwetu Aedes huwasha tu moto, Culex ndio wanaoupuliza maji yakishatuama. Halafu wapo nyati, ambao kingamwili wanazo na hakuna mwenye hamu ya kuwafungua mdomo.

Kwenye mimba iliyotupwa, glovu na barakoa, hata kama mwenye ng'ombe anaibeba kwa mikono mitupu na kukucheka.

Fomu nimezirudisha. Gari linaondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Ng'ombe bado wako kule, na meno yao wanayo.